Vifaa vya kuzamia: je, mzamiaji wa Kigoma anahitaji seti ya pili ya safari?

Mzamiaji wa Kigoma akianza kupanga safari ya Mafia, Pemba au Unguja, ushauri wa kwanza anaousikia ni kununua seti nyingine: moja ibaki ziwani, nyingine iwe ya safari. Anayetoka Dar es Salaam kuja kuwaona samaki wa Ziwa Tanganyika naye huambiwa hivyo hivyo. Kwa watu wengi ushauri huo ni hasara. Seti moja iliyochaguliwa vizuri inatosha ziwani na baharini. Kinachobadilika ni kilo za risasi (vipande vizito vya kumsaidia mzamiaji kuzama) kiunoni, mipangilio ya kompyuta ya kuzamia na namna ya kufunga mizigo.

Dhana: Vifaa vya safari lazima viwe vyepesi kuliko vya nyumbani

Inategemea unasafiri kwa nini. Seti ya kawaida, bila mtungi wala risasi, ina kilo 11 hadi 15: jaketi la kuelea kilo 3.5 hadi 4.5, rigulata (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungini) pamoja na hosi na geji kilo 2 hivi, mapezi kilo 2 hadi 3, suti ya milimita 3 kilo 2, halafu viatu, miwani, tochi na mkoba wenyewe. Seti nyepesi inaokoa kilo 4 au 5, sanasana kwenye jaketi na mapezi. Kwa ndege ya abiria ya Kigoma–Dar, ambako tiketi nyingi za daraja la kawaida huruhusu mzigo wa kilo 23, seti ya kawaida inaingia pamoja na nguo za wiki nzima. Ndege ndogo zinazopeleka wageni Mahale ni habari nyingine. Huko kikomo kwa kawaida ni kilo 15, na mfuko unatakiwa uwe laini, usio na magurudumu wala fremu. Hapo kilo 4 ni nyingi.

Kwa treni au basi, uzito si tatizo. Reli ya Kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 1,200, na katika mwendo huo kinachoharibu vifaa ni kubanwa, vumbi na joto. Ndani ya buti la basi mkoba wako utalaliwa na magunia na madumu ya mawese. Miwani isiyo kwenye kopo gumu inapinda, na ikishapinda inaingiza maji pembeni mwa pua hata ukaze mkanda vipi. Hosi iliyokunjwa karibu na kiungio cha chuma huanza kuchanika kwa ndani kabla nje hapajaonyesha kitu, kwa hiyo izungushe kwa duara pana kama sinia. Mafuta nayo hulainisha mpira wa asili, hivyo dumu likivuja juu ya mkoba, mikanda ya mpira huo inaumia. Rigulata, miwani na kompyuta vikae kwenye begi unalopakata, chini ya kiti chako. Mapezi, suti na jaketi viende kwenye buti.

Ukisafiri kwa ndege, betri za ziada za lithiamu ziwe kwenye begi la mkononi, kila moja isizidi wati-saa 100, na ncha zake zizibwe kwa tepu. Tochi ya kuzamia itolewe betri kabisa. Swichi ikijibonyeza ndani ya mzigo, tochi yenye nguvu inaweza kuchoma nguo. Kisu kiende kwenye mzigo wa chini.

Dhana: Jaketi jepesi ni dhaifu

Kilichopunguzwa ni bamba gumu la mgongoni, sponji na mifuko mikubwa. Uwezo wake wa kuinua, kwa kawaida kilo 10 hadi 14, unamtosha mtu mwenye suti ya milimita 3 na mtungi mmoja. Jaketi linatakiwa kufidia mambo mawili: hewa iliyomo mtungini, ambayo katika mtungi wa lita 11 wenye presha ya bar 200 ina uzito unaozidi kidogo kilo 2.5, na suti inayobanwa na kina. Suti ya milimita 3 haipotezi kiasi kikubwa cha kuelea.

Unachopoteza ni utulivu. Bila bamba la mgongoni mtungi hucheza, hasa wa chuma, na mifuko ya risasi ni midogo. Kwa maji ya Kigoma, ambayo juu huwa nyuzi 25 hadi 27, jaketi jepesi linaweza kuwa jaketi lako la kila siku. Basi jaketi la zamani likichakaa, nunua jepesi na ulitumie kote.

Dhana: Ukiwa na seti mbili, kila moja inachakaa nusu na sevisi inapungua

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Rigulata hupangiwa sevisi kwa idadi ya mbizi au kwa muda, kimoja kitakachotangulia. Watengenezaji wengi hutaka mwaka mmoja au miwili, hata kama kifaa kimelala kabatini. Kiti laini kinachoziba hewa ndani ya hatua ya kwanza (sehemu ya rigulata inayofungwa mtungini) kinaendelea kuzeeka, oringi (pete za kuziba hewa) zinakauka, na mfuko wa jaketi uliofungwa ukiwa na unyevu hushikana kuta. Ukiwa na rigulata mbili, bili ya sevisi ni mbili. Tena fundi mwenye vipimo na spea za modeli yako ni rahisi kumpata Dar es Salaam au Zanzibar kuliko Kigoma, kwa hiyo kila sevisi ina nauli yake au gharama ya kifurushi.

Badala ya seti ya pili, nunua geji ya presha ya kati. Inachomekwa kwenye hosi ya kujazia jaketi. Funga rigulata kwenye mtungi uliojaa, fungua valvu taratibu, bonyeza kitufe cha kutoa hewa mara kadhaa, kisha uangalie mshale. Modeli nyingi hutulia kati ya bar 9 na 10. Namba kamili imo kwenye kitabu chake. Iache dakika tano. Mshale ukitulia, kiti kiko sawa. Ukiendelea kupanda polepole, kiti kimeanza kuvuja, na ukiwa chini ya maji rigulata itaanza kutiririsha hewa yenyewe. Safari iahirishwe mpaka fundi aifungue.

Kipimo cha pili hakihitaji mtungi. Acha kifuniko cha vumbi cha hatua ya kwanza kikiwa kimekazwa, weka rigulata mdomoni, vuta hewa kidogo na ushikilie. Usipate kitu. Ukipata hewa, kuna ufa kwenye diaframu, kwenye valvu ya kutolea pumzi, au kipande cha mdomo kimepasuka pale kinapofungwa kwa kamba ya plastiki. Jaketi nalo lijaze hadi valvu ya usalama ilie, ulilaze usiku kucha. Likilegea kidogo kwa sababu ya ubaridi wa alfajiri si neno, lakini likisinyaa tafuta tundu kwa maji ya sabuni. Fanya vyote hivi wiki tatu kabla ya safari, si usiku wa kuamkia.

Dhana: Vifaa vya ziwani havifai baharini

Shaba, chuma cha pua na plastiki zinazotumika ni zilezile. Tofauti iko kwenye kuosha. Ukirudi kutoka baharini, loweka rigulata kwenye maji ya bomba kwa nusu saa au zaidi, kifuniko cha vumbi kikiwa kikavu na kimekazwa. Usibonyeze kitufe cha kutoa hewa wakati haina presha, maana maji hupita hosini hadi hatua ya kwanza, na chumvi ikikaukia humo inakula kutoka ndani. Jaketi litie maji ndani, litikise, ulimwage kupitia hosi ya mdomo.

Wapo wanaodhani ziwa halihitaji kuosha. Mchanga laini wa ufukweni hung'ang'ania chini ya kitufe na kwenye valvu ya kutolea hewa, ndiyo maana jaketi linaanza kuvuja mapovu bila sababu ya kuonekana. Osha kwa maji safi, si ya kuchota pembezoni penye majani na konokono, kwani kichocho kipo ziwani. Kisha kausha kabisa kivulini. Vijidudu vya kichocho havivumilii kukauka.

Dhana: Risasi unazovaa ziwani ndizo utakazovaa baharini

Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5. Jumlisha uzito wa mwili, mtungi na vifaa vyote, chukua asilimia 2.5 ya jumla, ndiyo tofauti. Mtu wa kilo 70 mwenye vifaa vya kilo 30, pamoja na risasi, ataongeza kilo 2.5 akienda Mafia, na anayetoka pwani atapunguza hizo hizo akifika Kigoma. Asiyepunguza huzama upesi, anajaza jaketi kupita kiasi na kumaliza hewa mapema. Hilo si la kupuuzia katika ziwa lenye kina cha mita 1,470 na kingo zinazoshuka ghafla. Hakikisha kiasi cha risasi ukiwa na bar 50 mtungini, si mtungi ukiwa umejaa: mtungi wa aluminiamu ulioisha hewa hupanda juu, wa chuma haupandi.

Dhana: Kompyuta itajua yenyewe iko wapi

Baadhi hupima presha ya hewa zenyewe. Nyingine zinakutaka uchague kiwango cha mwinuko kwa mkono, na hapo ndipo watu hukosea. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na kuzamia juu ya mita 300 huhesabiwa kuwa kuzamia kwenye mwinuko. Presha ya hewa Kigoma ni kama asilimia 91 ya ile ya pwani, hivyo mita 18 za ziwani kwenye majedwali ya baharini huchukuliwa kama mita 20. Weka mwinuko na aina ya maji kabla hujaingia, na uirudishe ukienda pwani.

Baada ya kuzamia, subiri saa 12 kabla ya kupanda ndege ikiwa ni mbizi moja ya kawaida, na saa 18 ikiwa ni nyingi au za siku kadhaa. Wengi hawalifikirii hili kwa basi na treni, ilhali Tabora na Kasulu ziko juu ya mita 1,100. Usitoke majini asubuhi na kupanda gari la mchana.

Dhana: Nitakodi kila kitu nikifika

Pwani sawa, kwa sehemu kubwa: vituo vya Zanzibar na Mafia vina jaketi, mapezi na suti. Kigoma usitegemee hivyo. Kabla ya kukata tiketi uliza mitungi ni mingapi, tarehe ya kipimo cha presha iliyogongwa begani mwa mtungi (miaka mitano ndiyo desturi), aina ya valvu, risasi zilizopo na oksijeni ya dharura. Uliza pia kuhusu kompresa. Bomba lake la kuvutia hewa likikaa karibu na moshi wa injini, gesi ya kaboni monoksaidi inaingia mtungini, nayo haina harufu wala ladha. Kifaa kidogo cha kupima gesi hiyo kina haki zaidi ya nafasi mkobani kuliko jaketi la pili.

Kuhusu valvu, rigulata ya kufunga kwa nyuzi za skrubu yenye adapta ya klampu ndiyo inayosafiri vizuri zaidi, kwa kuwa inakubali karibu mtungi wowote. Ya klampu peke yake haifungi kwenye valvu ya bar 300.

Nani basi anahitaji seti ya pili?

Anayezamia kikazi ziwani, kwa utafiti au kwa samaki wa mapambo, ambaye vifaa vyake vinashindia maji na mchanga siku sita kwa wiki. Huyo rigulata ya kazi na ya safari zitenganishwe. Wa pili ni anayetumia bamba la chuma la mgongoni: anunue bamba la aluminiamu, lenye uzito wa chini ya kilo moja badala ya karibu tatu, na mfuko wa kuelea uleule auhamishie humo. Wengine wote wanunue kwa mpangilio huu: miwani inayokaa usoni bila mkanda unapovuta pumzi kwa pua, kisha kompyuta, kisha rigulata, kisha suti. Jaketi na mapezi vije mwisho, na waongeze kopo la spea: oringi mbili za kila aina, kipande cha mdomo, mikanda ya miwani na mapezi, alenkii na spana ndogo ya kurekebisha.