Ustahimilivu wa mazao: kemia inayouokoa mmea ndiyo inayofika mezani

Mwishoni mwa kiangazi, kule Kwimba na Misungwi, mahindi huwa yamekauka yangali yamesimama, na shamba la muhogo lililo jirani bado lina kichala cha majani mabichi juu ya kila shina. Uwezo huo ndio unaoitwa ustahimilivu: mmea kuendelea kuishi, na kutoa chochote cha kuvuna, maji yanapopungua, jua linapozidi au wadudu wanapouandama. Watu wengi huishia hapo. Mimi naona nusu ya maana imeachwa, kwa sababu vitu ambavyo mmea hutengeneza ili usife ndivyo tunavyokuja kuvila, vikiwa lishe au vikiwa sumu.

Mizizi ikikosa maji, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, nayo huamuru matundu madogo ya majani yafungwe ili mvuke usitoke. Muhogo ni mwepesi sana wa kufunga, kisha hupukutisha majani ya chini na kusubiri mvua. Mtama una mbinu ya ziada: hulimbikiza sukari na asidi amino (kijenzi cha protini) iitwayo prolini ndani ya seli, na kwa hiyo seli huendelea kuvuta maji hata udongo ukiwa mkavu.

Lakini matundu yakifungwa, hewa ya ukaa, ambayo jani huitumia pamoja na mwanga kutengeneza chakula, haiingii, na jua halipungui. Mwanga uliokosa kazi ndani ya jani huzalisha oksijeni ya aina kali inayounguza tando za seli. Mmea hujikinga kwa antioksidanti, yaani vitu vinavyoizima oksijeni hiyo: vitamini C, vitamini E, na karotini.

Karotini ndiyo rangi ya chungwa ya viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye nyama ya rangi hiyo, na mwili wa mtoto huigeuza kuwa vitamini A. Hiyohiyo familia ya karotini ndiyo malighafi ambayo mmea hutumia kutengeneza asidi ya absisiki niliyoitaja. Kinga ya jani, homoni ya ukame na macho ya mtoto vinatoka kwenye njia moja ya kikemia. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne waliosukuma urutubishaji wa mazao kwa njia ya uzalishaji mbegu: Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Watatu wa kwanza kazi yao ilikuwa viazi hivi.

Kwetu Usukumani kuna jambo la kuangalia. Viazi huhifadhiwa kama michembe, vikikatwa vibichi na kuanikwa, au matobolwa, vikichemshwa kwanza. Karotini huharibiwa na mwanga na hewa. Kuanika kunapoteza kiasi, na kukaa ghalani miezi mingi kunapoteza zaidi. Michembe ya viazi lishe basi iliwe mapema, na gunia likae mahali penye giza.

Sasa muhogo, ambao ndio unaonisumbua zaidi. Seli zake zina linamarini, kemikali iliyobeba sumu ya sianidi ndani yake. Linamarini hukaa kwenye kifuko cha ndani ya seli, na kimeng'enya cha kuivunja hukaa kwenye ukuta wa nje. Mdudu au panya akitafuna, vitu hivyo viwili hukutana na sianidi hutoka. Ni ulinzi mzuri kwa mmea. Shida ni kwamba kwenye ukame linamarini huongezeka mizizini, kwa hiyo mbegu ileile iliyokuwa tamu mwaka wa mvua inaweza kuwa chungu mwaka wa njaa, wakati ambao kaya nyingi hazina chakula kingine. Wafugaji wanaijua hatari ya namna hii kwa mtama: machipukizi yanayotoka baada ya ukame yana kemikali ya ukoo huohuo, na ng'ombe akiyavamia anaweza kufa.

Mwaka 1985, katika ukame, wilaya ya Tarime ilipata mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Uliwapata watu waliokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, tena wakiwa na upungufu wa protini. Protini inaingiaje? Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye asidi amino za vyakula kama samaki na maharage. Dagaa kando ya ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, wanafanya kazi kubwa kuliko kuongeza ladha.

Maandalizi yote mazuri yana lengo moja: kuzivunja seli ili kimeng'enya kiifikie linamarini, kisha sianidi ipae. Kuvundika au kuloweka hulainisha muhogo na kufanya hivyo vizuri. Kusaga ungali mbichi na kukamua ni bora zaidi. Kisamvu hutwangwa kwa sababu hiyohiyo, hata kama mtwangaji anawaza ulaini tu. Makopa yaliyomenywa na kuanikwa moja kwa moja ndiyo dhaifu, maana seli nyingi hukauka zikiwa nzima na linamarini yake. Kuonja nako hakutoshi, kwani uchungu haulingani na kiasi cha sumu kila mara. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo, na ulimi haupimi hivyo.

Kwa unga ambao hujui ulivyotengenezwa, kuna njia iliyothibitishwa. Changanya unga na maji upate uji mzito, utandaze kwenye sinia au beseni pana usizidi unene wa sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sianidi hupungua mara tatu hadi sita. Songa ugali siku hiyohiyo, unga huo haukai.