Manjano ya kichanga na jeni ya VPS33B: maswali na majibu

VPS33B ni kitu gani?

Ni jeni iliyomo kwenye kromosomu ya 15. Hutengeneza protini inayosaidia kuongoza vifuko vidogo vinavyosafirisha protini nyingine ndani ya seli. Ikikosekana, chukulia gunia la karafuu kutoka Pemba lililoshushwa gati siyo: karafuu ni nzima, lakini mwenyewe hakuipata. Jeni za jamii hii zilianza kujulikana kwenye hamira, hii hii tunayoumulia maandazi.

Ikiharibika?

Protini za ini na figo hazifiki upande wa seli zinakohitajika. Nyongo inakwama na kurudi kwenye damu, mtoto anageuka manjano. Figo zinapoteza sukari na chumvichumvi kwenye mkojo, na viungo huwa vimekakamaa tangu tumboni. Ugonjwa huu huitwa ARC, kifupi cha Kiingereza cha kukakamaa viungo, kasoro ya figo na kukwama kwa nyongo. Ulihusishwa na jeni hii mwaka 2004. Ni adimu mno, hauna dawa ya kuuondoa, na watoto wengi wenye nao hawafikishi mwaka.

Mimi na mume wangu ni watoto wa ami. Tuna hatari?

Ipo kidogo zaidi, kwa kuwa mlio na babu mmoja mnaweza kubeba kasoro ile ile bila kuumwa. Kasoro hiyo lazima itoke kwa baba na kwa mama, kwa hiyo wanaomlaumu mama peke yake wanamuonea. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa kupata mtoto mgonjwa, hata kama waliotangulia ni wazima. Watoto wa ami wengi wanaooana huzaa watoto wazima. Lakini kama ukoo umezika vichanga wenye manjano na viungo vilivyokakamaa, mwambieni daktari mapema, msiishie kwa mganga.

Mwanangu ana manjano. Ndiyo huu?

Karibu hakika siyo. Manjano ya wiki ya kwanza mara nyingi huondoka. Yakitokea ndani ya saa 24 za kuzaliwa, au mtoto akalegea na kukataa ziwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Yakivuka siku 14, kumuanika juani hakutoshi. Tazama nepi: choo cheupe au cha kijivu, na mkojo uliokoza rangi, maana yake nyongo haipiti. Muwahishe hospitali ya Mnazi Mmoja ukiwa Unguja, au Abdulla Mzee ukiwa Pemba. Njia za nyongo zikiwa zimeziba, upasuaji hufaa zaidi kabla ya miezi miwili. Na hiyo nepi usiitupe, nenda nayo daktari aione.