Udongo wa Mfinyanzi Hausomwi kwa Rangi

Kiangazi kimoja jirani yangu wa pale Gungu, Kigoma, alifyatua matofali zaidi ya elfu tatu kwa udongo mwekundu aliouchimba mteremkoni nyuma ya nyumba yake. Aliuchagua kwa sababu moja tu: ulikuwa umeiva wekundu, na kila aliyemuuliza alimwambia huo ndio wenye nguvu. Yalipokauka, kona zake zilimomonyoka kwa kuguswa na kidole. Wakati huo nilikuwa tayari nafanya kazi ya kupima udongo wa ujenzi. Nilipita pale kila asubuhi, nikamsalimu, sikusema kitu. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, na ndilo linalonifanya niandike juu ya maneno tunayoambiana kuhusu udongo, moja baada ya jingine.

"Udongo mwekundu ndio wenye nguvu"

Wekundu ni kutu. Asilimia chache za oksidi ya chuma zinatosha kupaka rangi udongo mzima, hata kama udongo wenyewe ni mchanga usioshikana. Ule wa jirani yangu ulikuwa hivyo: punje za mchanga, kila moja imevaa utando mwembamba wa kutu. Kwa upande mwingine, kaolini ya Pugu, kule karibu na Dar es Salaam, ni nyeupe kama unga wa muhogo, nayo ni udongo wa mfinyanzi halisi (hapa nitauita mfinyanzi tu) wa kutengenezea vyombo vya kauri.

Hata tanurini rangi haiaminiki. Udongo wa kijivu wa bondeni ukichomwa kwenye hewa ya kutosha hutoka mwekundu, kwa sababu chuma kilichomo kimepata oksijeni. Ukiziba hewa, tofali la udongo uleule hutoka likiwa na kiini cheusi.

Chukua chupa ya maji inayoonyesha ndani. Tia udongo hadi robo, jaza maji baridi yasiyo na chumvi, tikisa kwa nguvu, kisha iweke mahali isipoguswa. Mchanga hutua kabla hujahesabu hadi sitini. Chembe za mfinyanzi ni zile zilizo chini ya mikromita 2, yaani milimita moja igawe mara 500, na chembe ya ukubwa huo huchukua kama saa 8 kushuka sentimita 10. Maji yakitakata ndani ya robo saa, kwa kawaida hapo hakuna mfinyanzi wa kushikanisha tofali. Jirani yangu angelijua hilo siku ya kwanza, kabla ya kukodi vibarua.

"Mfinyanzi wote ni mmoja"

Hili ndilo kosa lenye gharama kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Madini ya mfinyanzi yamejengwa kama karatasi juu ya karatasi: karatasi za silika na karatasi za alumina, nyembamba kupita macho. Katika kaolinaiti, madini ya kaolini kama ile ya Pugu, karatasi moja ya silika imeambatana na moja ya alumina, na jozi hiyo ina unene wa nanomita 0.72 (nanomita ni milimita moja igawe mara milioni). Jozi zimeshikana na jirani zake hivi kwamba maji hayapati njia katikati. Katika smektaiti, karatasi ya alumina imebanwa na silika juu na chini. Kati ya fungu moja na jingine zinakaa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za kalsiamu au sodiamu, na ayoni hizo zina kiu. Maji yanapoingia, mafungu husukumana na udongo unavimba. Yanapotoka, udongo unanywea na kupasuka.

Haya yote yana historia ya mahali. Penye mteremko na mvua nyingi, maji hupita na kuondoka na silika na kalsiamu, na kinachobaki baada ya miaka maelfu ni kaolinaiti zaidi. Bondeni, maji yanapotuama na kurundika vilivyooshwa juu, huzaliwa smektaiti. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule unaoukuta ukishuka kuelekea bonde la Malagarasi, ni wa aina hiyo. Kiangazi una nyufa za kuingiza mkono, masika unameza tairi. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi mfupi hupasuka pembeni mwa madirisha, na mwenye nyumba humlaumu fundi.

Smektaiti ina eneo la uso linalofikia mita za mraba 700 hadi 800 kwa kila gramu moja. Gramu 10, kiasi cha kujaza kiganja nusu, zina uso wa kutosha kufunika uwanja wa mpira. Kwenye uso huo ndiko kila kitu kinakofanyika: maji hushikwa, mbolea hushikwa, rangi hushikwa, sumu hushikwa.

Maabara huzitofautishaje? Kwa miale ya eksirei. William Lawrence Bragg alionyesha tangu miaka ya 1912 na 1913 kwamba miale hiyo ikigonga matabaka ya fuwele hurudi kwa pembe zinazotegemea umbali kati ya tabaka na tabaka. Sampuli ya mfinyanzi hupimwa mara tatu. Kwanza ikiwa imekauka kwa hewa. Pili baada ya kunyweshwa glikoli, kimiminika kinachopenya kati ya mafungu, ambapo smektaiti hupanuka hadi nanomita 1.7 ilhali kaolinaiti haisogei. Tatu baada ya kuchomwa kwenye nyuzi 550 za selsiasi, ambapo alama ya kaolinaiti hutoweka kabisa. Napenda kipimo hiki kuliko vyote, maana kinaulizia udongo kwa maji na kwa moto, sawasawa na wanavyofanya wafinyanzi wetu.

Asiye na mashine ya eksirei atumie sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Lipake mafuta ndani, lijaze tope lililokandwa vizuri, liache likauke, kisha sukuma udongo upande mmoja upime pengo lililobaki. Miongozo ya matofali ya kushindilia hutumia pengo hilo kupanga saruji: likiwa chini ya milimita 15, sehemu 1 ya saruji kwa 18 za udongo, likifika kati ya milimita 45 na 60, sehemu 1 kwa 12. Likizidi hapo, tafuta udongo mwingine au ongeza mchanga.

Mama zetu wanaofinyanga walishalijua hili bila sanduku. Vyungu vilivyovunjika wanavitwanga, wanachanganya unga wake na udongo mpya. Vigae hivyo vimeshapita motoni, havinywei tena, kwa hiyo vinazuia chungu kipya kupasuka kikikauka.

"Ukitia chumvi, tofali linakaza"

Imani hii nimeikuta zaidi kwa watu wa upande wa Uvinza, ambako chumvi imechemshwa kutoka chemchemi za maji ya munyu kwa zaidi ya miaka 1,000. Asili yake naielewa. Ukitupa chumvi kwenye maji yenye tope, tope hukusanyana na kutua haraka, na macho yanasema chumvi imefunga udongo.

Ni kweli kwa muda. Chumvi ikiwa nyingi majini, chembe za mfinyanzi huvutana. Mvua ikija ikaiosha, sodiamu inabaki imeshika nafasi kwenye uso wa mfinyanzi, na mfinyanzi wenye sodiamu husambaratika ukiguswa na maji matamu. Ukuta unayeyuka upesi kuliko kama usingetia kitu. Na chumvi ambayo haijaoshwa hupanda na unyevu, hukauka usoni mwa ukuta kama unga mweupe, na fuwele zake zinapokua hubandua lipu.

Sodiamu ina mahali pake. Wachimbaji wa visima hutaka bentonaiti, udongo wenye smektaiti nyingi, inayovimba sana ili kuta za shimo zisianguke, na bentonaiti ya kalsiamu haivimbi vya kutosha. Viwandani huchanganywa na magadi, sodiamu ikachukua nafasi ya kalsiamu. Kinachofaa shimoni hakifai ukutani.

"Saruji nyingi inatibu udongo wowote"

Kwa udongo wenye mchanga, ndiyo, saruji kidogo inasaidia sana. Kwa udongo wa mbuga ni pesa inayomwagwa, kwa sababu mabonge ya mfinyanzi hayachanganyiki na saruji. Inayavaa kwa nje tu.

Dawa ya mbuga ni chokaa. Asilimia 3 hadi 8 ya uzito wa udongo mkavu hutosha mara nyingi. Kalsiamu ya chokaa huondoa sodiamu na kushika nafasi yake, chembe zinajikusanya, na ndani ya siku moja mbili udongo uliokuwa ukinata kwenye jembe unakuwa kama punje za ugali uliopoa. Baada ya hapo kazi ya pili huanza polepole. Chokaa hupandisha pH ya udongo, kipimo cha asidi na alkali, hadi karibu 12.4, na katika ukali huo silika na alumina za mfinyanzi huanza kuyeyuka na kuungana na kalsiamu, zikitengeneza gundi ya jamaa moja na ile ya saruji. Hilo huchukua wiki na miezi. Wanaoharakisha, wakashindilia leo na kupitisha malori kesho, wanajinyima nusu ya faida.

Usitie chokaa kwenye mchanga mtupu. Hapo hakuna mfinyanzi wa kuungana nayo.

"Moto kazi yake ni kukausha tu"

Tofali lililokaushwa juani, hata likae miaka kumi, ukilitumbukiza majini hurudi kuwa tope. Lililopita nyuzi 600 halirudi kamwe. Kati ya nyuzi 450 na 600 kaolinaiti hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya fuwele yake, karibu asilimia 14 ya uzito, na muundo wake unavunjika moja kwa moja. Kwenye nyuzi 573 mchanga wa kwazi hubadili umbo na kutanuka ghafla, na ukipoa hunywea vivyo hivyo. Matofali mengi yanayopasuka tanurini yameharibiwa hapo, kwa kuharakishwa kupanda au kwa kufunguliwa tanuri likiwa bado la moto. Kuni nyingi haziokoi haraka mbaya, na vilima vyetu havina kuni za kupoteza.

Kaolinaiti iliyovunjika namna hiyo ina thamani kubwa. Huchangamka kuungana na chokaa, na sasa inatumika kupunguza klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, kwenye saruji: mchanganyiko unaojulikana zaidi ni klinka asilimia 50, mfinyanzi uliochomwa 30, chokaa mawe isiyochomwa 15 na jasi 5. Klinka hudai nyuzi 1,450, mfinyanzi huu hutosheka na 700 hadi 850. Hapo udongo wenye kaolinaiti ya asilimia 40 na kuendelea, ambao mwenye shamba anaweza kuudharau, ni malighafi ya kiwanda.

"Mawese yaliyopaushwa ni bora kwa sababu ni safi"

Kigoma ndiyo nyumbani kwa mchikichi nchini, kwa hiyo hili linatuhusu jikoni. Pale sokoni Mwanga nimesikia pande mbili zikibishana. Wengine wanasema mafuta meupe ya dukani ni safi kuliko mawese yetu mekundu. Wengine wanasema yametiwa udongo na udongo huo tunaunywa.

Udongo ni kweli hutumika. Ni smektaiti iliyochemshwa kwenye asidi, salfuriki au hidrokloriki. Asidi hung'oa sehemu ya alumini, magnesiamu na chuma kutoka ndani ya karatasi, ikaacha vitundu vingi na uso wenye njaa. Unga wake, kama asilimia 0.5 hadi 2 ya uzito wa mafuta, huchanganywa na mafuta ya moto kwenye nyuzi 90 hadi 110, hewa ikiwa imenyonywa. Hushika rangi, mabaki ya chuma na shaba, na sabuni iliyobaki. Kisha wote huchujwa. Kwenye chupa haubaki. Unaobaki kiwandani ndio wa kuangaliwa, kwa sababu umelowa mafuta na ukirundikwa unaweza kujiwasha wenyewe.

Lakini rangi iliyoondolewa ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mawese mabichi mekundu huwa na karotini za miligramu 500 hadi 700 kwa kilo. Zinazosalia baada ya udongo huharibiwa na joto la kuondoa harufu, linalozidi nyuzi 200. Mafuta meupe hukaa muda mrefu dukani na hayabadili rangi ya chakula; hiyo ndiyo faida yake. Mama mwenye watoto wadogo asiyaone mawese ya nyumbani kuwa mafuta ya kimaskini. Yakamuliwe kwa usafi, yafunikwe, yasichomwe mpaka yatoe moshi.

"Pemba huongeza damu"

Hili naliandika kwa uchungu. Vipande vya pemba, yaani udongo wa kula, huuzwa vikiwa vimepangwa vizuri, na wajawazito wengi hununua wakiamini vinaleta damu, hasa vile vyenye wekundu. Chuma kilichomo kwenye udongo mwekundu kimefungwa kwenye oksidi ambazo utumbo hauzivunji kirahisi. Na ule uso mpana niliousifu juu hufanya kazi yake tumboni pia: unaweza kunasa chuma cha maharage na mchicha kabla mwili haujakipata. Mwenye upungufu wa damu hutamani udongo, anaula, damu inapungua zaidi, hamu inaongezeka.

Wapo wanaosema mfinyanzi ni dawa ya kuhara, kwa hiyo hauna madhara. Smektaiti iliyosafishwa ni dawa kweli, ila hata hiyo, mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ufaransa ilishauri isitumike kwa watoto chini ya miaka 2 wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, kwa sababu ya chembechembe za risasi. Kipande cha sokoni hakijapimwa risasi wala aseniki. Kukioka kunaua mayai ya minyoo, risasi inabaki palepale.

Dada, ukienda kliniki mwambie muuguzi kwamba unakula pemba, na taja unakula kiasi gani kwa siku. Hatakushangaa. Atakupima damu, na vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi utakavyopewa usivimeze wakati mmoja na udongo.