Tovuti ya Debian na ubishi ambao haukuhusu rangi

Kila baada ya muda, mtu mgeni katika mradi wa programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzisambaza, huitazama tovuti ya mradi huo na kuuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini mpaka leo inafanana na tovuti za miaka ya tisini. Kazi inayonipa riziki ni kusanifu tovuti, na jioni hujitolea katika miradi ya aina hiyo, kwa hiyo swali hilo nimewahi kuliuliza, na baadaye nikajikuta ndiye ninayetakiwa kulijibu. Ninapolijibu hupenda kuanzia kwa Debian, mfumo endeshi ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, kwani nimeifuatilia tovuti yake kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote.

La kwanza ambalo mgeni hulisahau ni kwamba hapo hakuna mkurugenzi wa kumpelekea mchoro akaupitisha. Katiba ya Debian, iliyopitishwa mwaka 1998, inasema wazi kwamba hakuna anayelazimika kuufanyia mradi kazi yoyote, na kwamba msanidi anaweza kuamua mambo yanayohusu kazi yake mwenyewe. Maana yake ni kwamba picha nzuri ya ukurasa mpya, hata ikisifiwa na watu mia, haijawa kitu mpaka apatikane mtu wa kuigeuza kuwa kurasa halisi na kuendelea kuzitunza baada ya sifa kupoa.

Kazi hiyo si ndogo kama inavyoonekana kwenye kivinjari. Kurasa za Debian huandikwa kwa lugha ya zamani iitwayo WML, kisha hugeuzwa kuwa HTML tupu isiyohitaji hifadhidata, jambo linalorahisisha kuzisambaza kwenye seva nyingi. Anwani moja humpa msomaji Kifaransa au Kijapani kulingana na lugha ambayo kivinjari chake kimeomba. Ukifungua faili la tafsiri utakuta juu kabisa mstari wenye namba ndefu ya herufi na tarakimu, ambayo inaonyesha tafsiri ile ilifanywa kutokana na toleo gani la ukurasa wa Kiingereza. Mtu akibadilisha sentensi mbili za Kiingereza ili tu zikae vizuri chini ya picha, tafsiri zote za ukurasa huo zinakuwa zimepitwa, na watafsiri, ambao nao ni watu wa kujitolea, wanaongezewa kazi ambayo hawakuulizwa kama wanaitaka. Kwa hiyo wapinzani wengi wa sura mpya niliowasikia hawakuwa wahafidhina wa ladha, bali walikuwa wakihesabu saa zao.

Ndiyo maana mabadiliko yamekuja kwa mwendo wa kinyonga. Sura iliyozoeleka kwa zaidi ya mwongo mmoja iliondolewa Februari 2011, pamoja na kutoka kwa Debian 6. Mwezi Machi 2019 timu ya tovuti ilikutana kufanya kazi pamoja, na ukurasa mpya wa mwanzo ukaonekana Desemba 2020. Miezi ishirini na moja kwa ukurasa wa mwanzo! Katika kampuni ningefukuzwa kwa kasi hiyo, lakini sehemu kubwa ya muda ule ilikwenda kwenye kuondoa au kusasisha maandishi yaliyochakaa, na kazi hiyo hakuna anayeipiga picha.

Ubishi wa rangi upo, na nimeushiriki. Katika mradi mmoja mdogo tulibishana zaidi ya wiki nzima juu ya kitufe kiwe cha buluu au cha kijani, huku fomu ya kutafuta ikiwa imekufa na hakuna aliyeigusa. Hata hivyo, sioni kwamba ubishi huo ndio unaoumiza miradi, kwa kuwa watu huchoka nao wakaenda kulala. Unaoumiza ni ule ambao kila mtu anauita wa usanifu ilhali kiini chake ni sera.

Niliwahi kumsaidia kijana mmoja wa Morogoro aliyenunua bando, akabofya kiungo cha kupakua kwenye ukurasa wa mwanzo wa Debian, akapata faili dogo la usakinishaji la zaidi ya MB 300 na kuliweka kwenye flashi. Usakinishaji ulipofika kwenye mtandao ukasimama na kumtaka faili ambalo jina lake lilianza na iwlwifi. Hiyo ni fimwea, yaani programu ndogo ambayo kadi ya waifai haiamki bila kupewa, na kwa kuwa haikuwa huria haikuwekwa ndani ya faili rasmi. Faili lenye fimwea lilikuwapo, na lilitengenezwa na watu walewale, lakini lilihifadhiwa pembeni, katika saraka ambayo jina lake lenyewe lilitamka kwamba si rasmi. Kijana akaniambia, “Kaka, hii tovuti yao mbovu.”

Malalamiko kama hayo yalirudi kila mara, na kila mara akatokea msanifu wa kupendekeza kitufe cha pili, onyo lenye rangi kali, au ukurasa wa maswali. Hakuna kati ya hayo ambalo lingetosha, kwa sababu Mkataba wa Kijamii wa mradi, wa mwaka 1997, unaahidi kwamba Debian itabaki huria kwa asilimia 100. Kitufe kikubwa cha kupakua kitu kisicho huria kingekuwa kimeivunja ahadi hiyo kwenye ukurasa wa mbele. Mchora vitufe hana mamlaka ya kuuamua ubishi wa namna hiyo, hata awe hodari vipi.

Uliamuliwa kwa kura, mwaka 2022. Pendekezo lililoshinda lilirekebisha Mkataba wenyewe, hivyo lilihitaji wingi wa tatu kwa moja, yaani kura tatu za kuunga mkono kwa kila moja ya kupinga, nalo likaruhusu fimwea zisizo huria ziwemo katika faili rasmi la usakinishaji, na faili hilo liwe moja tu. Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni 2023 ikiwa hivyo, na anayebofya kupakua sasa anapata faili ambalo fimwea ya kadi kama ile ya kijana wa Morogoro imo ndani yake.