Skrini ikigeuka: kwa nini fomu inajifuta?

Mtu kajilaza kitandani, anajaza fomu kwenye simu: jina, namba, tarehe ya kuzaliwa. Anajigeuza ubavu na simu nayo inalala kwa upana. Fomu nyeupe pe! Aliyetumia programu yangu ya kwanza alinipigia kulalamika kwamba "inakula maneno". Nilimbishia, maana mezani kwangu simu ilikuwa imesimama siku zote.

Ndani ya simu mna kihisi kinachotambua mvutano wa dunia unatokea upande gani, na kwa hicho mfumo huamua skrini isimame au ilale. Wengi hudhani kinachofuata ni kuizungusha picha tu. Kwenye Android sivyo. Mfumo huubomoa ukurasa mzima uliokuwa ukiutazama, ule ambao waundaji wa programu huuita Activity, kisha huujenga tena kuanzia msingi. Si ukorofi. Mpangilio wa skrini iliyolala unaweza kuwa na faili zake katika folda ya layout-land, tofauti na zile za layout ya kawaida, kwa hiyo kujenga upya ni rahisi kuliko kuhamisha kitufe kimoja kimoja. Hata ukibadili lugha ya simu au ukiwasha hali ya giza, bomoabomoa ni ile ile.

Ukishalielewa hilo, fumbo la fomu linafumbuka. Chochote ulichokiweka ndani ya Activity kinaondoka nayo. Sanduku la maandishi lenye id, yaani jina la kulitambulisha kwa mfumo, hukumbuka lenyewe kilichoandikwa. Yangu niliyaunda kwa msimbo, sikuyapa id hata moja, basi yakarudi matupu.

Kuna mahali pawili pa kuhifadhia. Pa kwanza ni onSaveInstanceState, inayokupa kifurushi cha vitu vidogo: namba ya ukurasa, neno lililotafutwa. Usisokomeze picha humo. Nafasi yote inayopita njia hiyo ni kama megabaiti 1, nayo unagawana na shughuli nyingine za programu. Pa pili ni ViewModel, iliyoletwa na Google mwaka 2017, ambayo hubaki hai ukurasa ukibomolewa na kujengwa. Ila mfumo ukiizima programu yako nyuma ya pazia ili kuokoa kumbukumbu, ViewModel nayo inakwenda. Ndiyo maana watu huzitumia zote mbili.

Kwenye iPhone ukurasa haubomolewi. Unabadilika ukubwa tu. Huko kazi kubwa ni mpangilio, na mpangilio una vituko vyake, hata kwenye Android. Simu yenye upana wa dp 360 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye skrini) na urefu wa 800 ikilala, urefu unabaki 360. Kibodi ikifunguka inakula sehemu kubwa ya hizo, na kitufe cha "Tuma" kinazama chini yake. Fomu iwe ndani ya eneo linalosogezwa kwa kidole. (dp 1 ni pikseli 1 kwenye skrini ya nukta 160 kwa inchi, na pikseli 2 kwenye ya nukta 320, hivyo kitufe hakisinyai kwenye skrini yenye nukta nyingi.)

Siku hizi, badala ya kuuliza simu imelala au imesimama, tunauliza upana uliopo: chini ya dp 600, kati ya 600 na 840, au zaidi. Swali hilo linafaa hata skrini ikigawanywa kati ya programu mbili.

Wapo wanaofungia skrini isimame daima. Kwa mchezo naelewa; kwa fomu ni uvivu. Tena programu isiyo mchezo ikilenga Android 16, mfumo hulipuuza kufuli hilo kwenye skrini ambayo upande wake mfupi umefika dp 600.

Kabla ya kumpa mtu programu yako, ingia kwenye mipangilio ya waundaji, uwashe ile inayofuta kila Activity mara tu unapotoka. Jaza fomu nusu, toka, rudi. Kisha ilaze simu.