Je, wajua kwa nini wahadhiri wa Marekani hupinga tarehe ya mwisho ya kuchagua somo kuu, yaani fani ambayo mwanafunzi anabobea katika shahada yake?

Tanzania mtu hubanwa mapema. Akiingia kidato cha tano tayari ana tahasusi yake, PCB (fizikia, kemia, biolojia) au HGL (historia, jiografia, lugha), na akiomba chuo anaomba kozi yenyewe: sheria, uhasibu, udaktari. Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukwambia bado hajaamua anasomea nini, na hakuna atakayemshangaa. Vyuo vingi humpokea kwanza, aonje masomo, kisha ndipo atangaze somo kuu na, akipenda, somo dogo la kuliongezea.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Charles William Eliot, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, aliwaruhusu wanafunzi kujichagulia karibu kila somo, na wengi wakaishia kudonoa huku na kule. Mrithi wake, Abbott Lawrence Lowell, akaweka sharti: kila mmoja awe na uwanja mmoja wa kuzama, na mengine ayatawanye.

Basi atangaze lini? Hapo ndipo ugomvi unapozuka. Shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, yaani vipimo vya masomo aliyofaulu mtu, na mwanafunzi anayetangatanga hulipa ada ya mihula ya ziada. Msaada wa fedha wa serikali kuu nao una kikomo: hauvuki asilimia 150 ya urefu wa programu. Kwa hiyo watawala wa vyuo huweka tarehe, na vyuo vingine humfungia usajili asiyetangaza. Mwaka 2011 jimbo la Texas lilipitisha sheria ya kuwataka wanafunzi wa vyuo vya umma wawasilishe mpango wa shahada wakishafikisha krediti 45.

Nia ni njema. Lakini msikilize mwalimu wa falsafa au anthropolojia. Somo lake halifundishwi katika sekondari nyingi, kwa hiyo mwanafunzi hulikuta kwa bahati, pengine muhula wa tatu, akalipenda. Ukimlazimisha kutangaza mwishoni mwa mwaka wa kwanza, atataja anachokijua tayari: biashara, saikolojia, biolojia. Idara ya falsafa haijakataliwa, haikuonekana. Na idadi ya waliojiandikisha ndiyo mara nyingi hutazamwa wakati wa kugawa bajeti na nafasi za ajira, hivyo tarehe iliyowekwa na ofisi ya usajili inaweza kuiua idara polepole.

Mwalimu wa kemia au uhandisi ana kilio kinyume. Masomo yake ni ngazi: huwezi kuruka hesabu ya mwaka wa kwanza ukafika maabara ya mwaka wa tatu. Kwake, anayetangaza mwaka wa pili amechelewa. Kwa hiyo kanuni moja kwa chuo kizima lazima imuumize mmoja wao, na kwa maoni yangu hapo wahadhiri wana haki kabisa: kila idara ingeachiwa iseme wakati wake. Isitoshe, kutangaza si kutulia. Takwimu za serikali kuhusu walioanza chuo mwaka 2011/12 zilionyesha kwamba karibu thuluthi ya wanafunzi wa shahada waliokwisha kutangaza walibadilisha somo kuu ndani ya miaka mitatu.

Somo dogo lina mvutano wake. Je, darasa moja lihesabiwe kotekote, katika somo kuu na somo dogo? Ukikubali, wengine watasema cheti kimepungua uzito. Ukikataa, mwanafunzi maskini asiyeweza kulipia muhula wa ziada ndiye atakayelikosa.

Chini ya yote kuna swali la mamlaka. Tamko la 1966 kuhusu uongozi wa vyuo, ambalo chama cha maprofesa wa Marekani kilishiriki kuliandika, linasema mtaala ni jukumu la msingi la wahadhiri. Mtawala huiona tarehe kama jambo la karatasi. Mhadhiri huiona kama sehemu ya mtaala, kwa sababu inaamua nani ataketi darasani kwake. Wanapoulizwa, huweza wenyewe kuisogeza: mwaka 2006 wahadhiri wa Harvard walipiga kura kuiahirisha kutoka mwisho wa mwaka wa kwanza hadi katikati ya mwaka wa pili.