Maswali ya wanafunzi wangu wa uuguzi na ukunga kuhusu kupima dalili za saratani ya mlango wa kizazi kwa siki

Swali: Madam, kwa nini tunaanza na mdoli wa mazoezi wakati kliniki wamama wapo?

Jibu: Kwa sababu mkono wa mara ya kwanza unatetemeka, na mama wa watu hajaja pale kutetemekewa. Kwenye mdoli rudia hata mara 20, spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, iingie ikiwa imefungwa, ielekee chini upande wa mgongo sio juu, maana juu kuna njia ya mkojo na ukigandamiza pale mama anaruka, afu fungua taratibu mpaka mlango wa kizazi ukae katikati.

Swali: Siki inafanya nini?

Jibu: Seli zilizobadilika zina protini nyingi, sasa ile asidi ya asilimia 3 mpaka 5 inazigandisha kwa muda zinageuka nyeupe. Subiri dakika 1 nzima, angalia saa, usikisie.

Swali: Mi naona weupe kila mahali, najuaje ndo wenyewe?

Jibu: Hapa ndo penye kazi jamani. Futa ute kwanza. Weupe wa maana umekolea, kingo zake zinaonekana, na unagusa ule mpaka ambapo pinki ya nje inakutana na wekundu wa ndani, kidoa hafifu kilicho mbali na mpaka sicho. Na kama mpaka wenyewe hauuoni wote, kwa waliokoma hedhi mara nyingi umeingia ndani, usiandike hana tatizo, mpeleke kwenye kipimo kingine. Jicho linafundishwa na picha nyingi, kwa hiyo kila picha andika jibu lako kabla hujaniuliza mimi, ukikosea hapo hajaumia mtu.

Swali: Mama akiogopa?

Jibu: Muonyeshe spekulamu, ipashe kwenye maji ya uvuguvugu, mwambie kila hatua kabla hujaifanya, akisema acha unaacha. Tunaowalenga zaidi ni wa miaka 30 mpaka 50, wanaoishi na VVU wanaanza mapema zaidi, na wengi ndo mara yao ya kwanza kabisa, akitoka kaumia harudi na jirani yake haji.

Swali: Ikiwa positivu, yaani nimeuona ule weupe wa maana, nimwambie ana saratani?

Jibu: Hapana! Mara nyingi ni mabadiliko yanayotangulia saratani, na yakiwa madogo yanatibiwa kwa kugandisha kwa baridi kali au kwa joto, palepale. Ukiona kidonda au uvimbe unaovuja damu ukiugusa, hiyo ni rufaa ya haraka. Ila usimwambie mama "njoo wiki ijayo" wakati mashine ya kumtibia ipo chumba cha pili, nauli ya kurudi huenda hana.